Kikombe Chenye Kamba ya Mgomba

Hakuwa mtu wa kupiga hodi. Akifika uani alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, akaiegemeza kwenye mgomba wa kwanza aliokutana nao, halafu akapaza sauti ili hata majirani wasikie: "Mwenye nyumba yuko wapi? Nataka akamwani!"

Akamwani ni kahawa ya kutafuna. Tunaichemsha na majani ya kunukia, tunaianika, tunaiweka kwenye kikapu kidogo, na mgeni anapewa punje chache kiganjani kabla ya mazungumzo yoyote. Kwetu, nyumba isiyokupa kahawa imekufukuza. Watu wa nyumba walikuwa wakimtuma mtoto amletee, naye anakataa. "Wewe nani? Nimesema mwenye nyumba."

Na mwenye nyumba alikuwa amelala chumba cha ndani, amebaki mifupa na macho. Basi ilibidi ainuliwe, aegemezwe ukutani, awekewe kikapu mapajani, achague punje kwa vidole vyake mwenyewe. Kuna waliochukua muda mrefu hata tukaona aibu. Yeye hakuona aibu. Alingoja, akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akashukuru kwa lugha yetu, "Kasinge, waitu," akazitia mdomoni palepale. Sisi tuliosimama mlangoni tulimtazama mdomo kama mtu anayemeza makaa.

Tulimwita Dresa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake zahanati: kufunga vidonda, kuchoma sindano, na kufagia pia mganga asipokuwepo. Jina lake nalijua. Silitaji kwa kuwa kijijini kwetu, kwenye vilima vya nyuma ya Rubya, hakuna aliyelitumia, na yeye mwenyewe aliitikia Dresa hata kanisani.

Waliomfahamu miaka ya mwisho wanamsifu kwa kahawa ile. Nami namsifu. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyetufundisha kumtenga baba yangu.

Alikuwa ametoka vitani na koti zito la jeshi lililokosa vifungo viwili, na alilivaa mvua na jua. Vita hakuvisimulia kama wengine. Wenzake walisimulia mizinga na mji waliouteka. Yeye alisimulia kuhara damu. Alisema walikuwa ng'ambo ya mto Kagera, yeye nyuma ya askari na mkoba wa bandeji, ugonjwa ukaingia kambini ukaanza kuua kuliko risasi. Ofisa mmoja akaamuru kila anayehara awe na kikombe chake, kifungwe kitambaa, asikiguse mwingine. Hema lao likatii. Hema la jirani wakacheka.

"Waliocheka tuliwazika pamoja," alikuwa akisema. "Risasi zilinikosa kwa bahati. Kuhara kulinikosa kwa kikombe."

Hivyo miaka michache baadaye, watu walipoanza kukonda na kuhara na kufa, yeye alikuwa na jibu tayari. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni kitambaa cha magendo kimetupiwa laana, wengine waliuita silimu, ugonjwa wa kukondesha, wakanyamaza. Dresa peke yake alikuja na jambo la kufanya. Mtu mwenye jambo la kufanya, wakati wengine wote wanatikisa kichwa, anaaminiwa haraka.

Baba yetu alikuwa akinunua dagaa na samaki wa kukausha visiwani, huko kwenye kambi za wavuvi wa Muleba, akiuza magulioni. Alirudi safari moja akiwa na homa isiyokwisha. Dresa alikuja, akamtazama ulimi, akamtazama ngozi, akatoka nje akanawa. Kisha akaomba kikombe. Mama akampa cha bati la rangi ya bluu, kilichobanduka mdomoni. Dresa akachana kamba kwenye gome kavu la mgomba, akaifunga kwenye mkono wa kikombe mafundo mawili.

"Hiki ni cha kwako, mzee," alimwambia baba. "Si ubaya. Ni kwa ajili ya watoto."

Baba alikigeuza kikombe mkononi, akasema, "Kwa ajili ya watoto, sawa." Siku hiyohiyo akahamia jiko la zamani nyuma ya nyumba, bila kuambiwa na mtu.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko darasa la sita, na kazi ya kumpelekea chakula ikawa yangu. Palikuwa na jiwe hatua tano kutoka mlangoni kwake. Naweka sahani juu ya jiwe, naweka kikombe chenye kamba, na yeye kutoka ndani anasema maneno yaleyale, kwa upole uleule: "Weka hapo, mwanangu. Urudi nyuma."

Nami nikarudi nyuma. Akishaona nimefika kwenye migomba, ndipo anatoka.

Siku moja mdogo wetu wa mwisho, Kemi, aliyekuwa na miaka minne, alinichomoka akamkimbilia. Nilimwahi nikamshika gauni kwa nyuma, likachanika mpaka kiunoni. Baba alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. Akairudisha, akaificha kwapani, akaniambia, "Umefanya vizuri." Sifa hiyo ninayo mpaka leo, na sijui pa kuiweka.

Alikufa wakati wa kuvuna kahawa. Asubuhi nilikuta uji wa jana juu ya jiwe umejaa siafu, ndipo nikajua. Mimi niliacha shule wiki iliyofuata kwa sababu kulikuwa na kahawa ya kuanua na hakuna mikono.

Dresa alikuwa mtu wa hasira. Alikuwa nazo tele. Aligombana na mganga, aligombana na katekista, aliwagombeza hata wagonjwa. Mgonjwa akilia alimwambia, "Lia, lakini huku unakunywa." Hakupenda huruma. "Huruma haifui shuka," ndilo lilikuwa neno lake, na alilitupa kwa watu waliokaa sebuleni juu ya nyasi za kutandikwa wakiguna na kutikisa vichwa kwa masikitiko huku ndani mgonjwa amelowa. Lingine alilotufundisha ni hili: "Usimuulize mtu anaumwa nini. Muulize amekula nini." Lile la kwanza, alisema, linakusaidia wewe mwenye udadisi, la pili linamsaidia yeye.

Alikuwa na namna ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwingine. Hakuleta picha wala ubao. Aliita ukoo mzima na majirani, akatandika mkeka katikati ya uwanja, akachagua mtu mzima mzito kuliko wote. Siku aliyokuja mtaani kwetu alimchagua balozi wa nyumba kumi.

"Balozi, lala."

"Mimi tena? Kwani vijana hawapo?"

"Wewe ndiye mnene. Wakikuweza wewe, hakuna atakayewashinda."

Balozi akalala na viatu vyake. Wanawake wakafundishwa kumgeuza ubavu bila kumvuta mkono, kukunja shuka chafu upande mmoja na kupenyeza safi upande wa pili, kuweka nguo laini chini ya kisigino na nyonga pasichubuke. Walifundishwa kuvaa mfuko wa nailoni mkononi palipo na damu au kidonda, na kunawa baadaye, na kuchemsha maji na kuyaacha yachemke kweli. Balozi alikuwa akitekenywa, akaanza kucheka.

"Dresa, maiti wako anacheka!" mama mmoja akapiga kelele.

"Nani kasema maiti?" Dresa akamgeukia. "Huyu ni mgonjwa. Mnaharakisha wapi?"

Kicheko kikakatika. Balozi mwenyewe aliinuka taratibu akajipangusa nyasi, na jioni ile nilisikia amekwenda kumtazama shemeji yake ambaye alikuwa hajamwona tangu masika.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Mtu aliyeshika vidonda vinavyonuka kama anamenya ndizi alikuwa akiogopa mbwa, hata mtoto wa mbwa. Tulikuwa tunafunga wetu tukisikia kengele. Alisisitiza maji yachemshwe, na Jumapili alikunywa lubisi kwenye kibuyu kimoja na watu kumi bila kuuliza maji ya pombe ile yalitoka wapi. Kanisani alikaa benchi la pili na kuitikia kwa sauti, kisha akivuka kwenda visiwani aligawa mipira ya kiume kwa wavuvi na wanawake wa kambi. Katekista alipomsema, alijibu, "Kanisani nasikiliza. Kisiwani nasema. Mungu yuko kote, atajumlisha."

Alipigania matanga yafupishwe, kwa kuwa mila yetu inakataza jembe siku za msiba, na misiba ilikuwa inafuatana mpaka mashamba yakaota magugu. "Marehemu hali," aliwaambia wazee. "Hawa watoto wanakula." Walimtukana, kisha wakafupisha.

Na yeye mwenyewe hakuhudhuria mazishi hata moja. Alimhudumia mtu miezi minane, na siku ya kumzika alisimama barabarani ameshika baiskeli yake, mpaka akisikia udongo umekwisha kuingia, ndipo akapanda na kwenda. Tulimcheka kwa hilo. Mimi nilimchukia kwa hilo. Nilidhani haoni haja ya kuona alichokifanya.

Siku baba anakufa ilikuwa bado hatujajua kwamba Dresa amekosea. Tulijua misimu miwili ya mvua baada ya baba kufa.

Alikuwa amekwenda Bukoba mjini kwenye semina ya wiki mbili kuhusu ugonjwa ule. Aliporudi hakwenda kwake. Alianza kupita kila nyumba aliyokuwa amefunga kamba. Kwetu alifika akisukuma baiskeli, na kengele hakupiga. Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na niliona yote kupitia ufa.

Hakuketi. Alisema, "Mama, nilikosea. Ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe wala sahani wala mkono. Nilichukua kinga ya ugonjwa mwingine nikawapa nyinyi."

Mama aliendelea kumenya. Ndizi moja, ya pili.

"Kwa hiyo angeweza kula na sisi," akasema.

"Angeweza."

"Na huyu mdogo angeweza kumpakata."

"Angeweza, mama."

Mama akaweka kisu chini. Akaingia ndani, akakitoa kikombe kwenye msumari. Kilikuwa kimening'inia pale tangu mazishi. Hakuna aliyethubutu kukitumia wala kukitupa. Akampa kikiwa na kamba yake. Dresa akachota maji kwenye mtungi wetu, akanywa mpaka tone la mwisho, akakishika kwa mikono miwili asijue akiweke wapi.

"Umechelewa, waitu," mama alisema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nyuma ya mlango nilikuwa naomba maji yale yamuue.

Nilikuja kusikia kwamba hivyo ndivyo alivyofanya kila nyumba. Aliomba kikombe cha marehemu, akakinywea mbele ya watu. Nyumba nyingine walimfukuza kwa matusi. Kwenye nyumba moja, mume aliyekuwa amemtenga mkewe kwa amri ya Dresa alimpiga kwa mpini wa jembe, sikio lake la kushoto likabaki limekunjamana. Wiki iliyofuata alirudi nyumba ileile, kwa kuwa palikuwa na mtoto mgonjwa. Desturi yake ya kuomba kahawa mkononi mwa mgonjwa ilianza baada ya hapo.

Mama akaugua mwaka uliofuata. Alijua kabla yetu; alianza kunionyesha mipaka ya kibanja chetu cha migomba na mahali alipoficha mbegu. Nilipoona hawezi tena kufika kisimani nilikwenda zahanati kwa miguu. Dresa alikuwa anachemsha mikasi.

"Mama amelala," nikamwambia. "Asife kama baba."

"Mkubwa," ndivyo alivyoniita siku zote, "mama yako hatapona."

"Sikusema apone. Nimesema asife kama baba."

Akazima jiko. "Hilo naliweza," akasema, akachukua mkoba.

Sina mengine niliyomwomba mtu yeyote katika maisha yangu, ni hilo tu. Na alilitimiza kwa ukaidi wake wote. Alinifundisha kumgeuza, kumwosha mdomo kwa maji ya chumvi, kumpaka dawa ya zambarau kwenye utando mweupe wa ulimi. Alitupangia: mimi asubuhi, wa pili mchana, wa tatu jioni, na Kemi kazi yake ilikuwa kushika mguu. "Mguu tu?" Kemi aliuliza. "Mguu ndio kazi ngumu," Dresa akamwambia. "Ukiuachia atajua."

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Rwamishenye, Bukoba mjini, kutuuguzia, kama ipasavyo. Alikuja na kapu, na ndani ya kapu sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Akakaa nje kwenye kigoda. Majirani walikuwa wamejaa uani, maana watu walikuja kutazama. Kuingia ndiko kulikuwa kugumu. Dresa akachungulia kapu.

"Mama wa mjini, naona vyombo. Unahamia?"

Watu wakacheka. Shangazi akakunja uso. "Mimi nina watoto, Dresa."

"Na huyu ana nini? Ana mbuzi?" Akanigeukia. "Mkubwa, mlete mwenye nyumba."

Tulimbeba mama mpaka sebuleni, tukamkalisha karibu na mlango juu ya nyasi mpya nilizotandika asubuhi. Dresa akaomba kahawa yake, akapewa, akatafuna. Kisha akasema, "Na mgeni mwingine?" Mama akachagua punje, akamnyooshea wifi yake. Shangazi alizipokea. Akafumba kiganja.

"Fungua," Dresa akasema.

"Nitatafuna baadaye."

"Wifi yako hana baadaye."

Mama alikuwa bado amenyoosha mkono mtupu. Shangazi akaanza kulia, na huku analia akazitia kinywani, na tukasikia zinavyovunjika. Kesho yake alikuwa amekunja kanga kiunoni, ananisaidia kumwosha.

Mama alikufa adhuhuri, kichwa kwenye paja langu, sahani ya ndizi katikati yetu sote. Sahani ilikuwa moja. Kemi alikuwa ameshika mguu na aliendelea kuushika, hata tulipomwambia imetosha. Dresa alitoka nje. Siku ya mazishi nilimwona barabarani na baiskeli yake, koti lile la vifungo vilivyopungua, amegeuka upande wa Rubya. Siku hiyo nilielewa kwamba anaona sana, ndiyo maana hawezi kutazama.

Ndugu wa baba walitaka kutugawa, mmoja huku mmoja kule. Nilikataa. Nilikaa kwenye kibanja kile, makaburi mawili ndani ya migomba, nikawalea watatu mpaka kila mmoja akasimama. Dresa alipita kila wiki, anapiga kengele, anauliza, "Mmekula nini?" Nikisema tumekula, anauliza, "Nini?" Hakuomba radhi tena. Nami sikumshukuru wala sikumwambia nimemsamehe. Tulizungumza hivyo, kuhusu chakula, miaka kumi na zaidi.

Kisha akaacha kupita. Nilisikia ameacha kazi, amekwenda kukaa kwa binti yake Izimbya. Baadaye nikasikia anaumwa. Nilichukua basi, nikamaliza kwa miguu, mfukoni nina kahawa niliyochemsha mwenyewe.

Binti yake alinipokea mlangoni, macho mekundu. "Yuko nyuma, jikoni. Chumba amekikataa, dada. Kula na sisi amekataa. Tunamwambia, baba, wewe si ndiye uliyefundisha watu? Amefunga na kamba kwenye kikombe chake, mwenyewe, kwa mikono yake."

Nilichukua kikombe cha uji aliokuwa ameuandaa. Kilikuwa cha bati, cheupe. Kamba ya mgomba, mafundo mawili.

Jiko lilikuwa na giza na moshi wa zamani. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ukuta, koti la jeshi limemfunika, na chini ya koti hapakuwa na mwili wa kutosha kuliinua. Alisikia hatua.

"Weka hapo, mwanangu," akasema. "Urudi nyuma."

Nilisimama. Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Si yeye, si mama, si wadogo zangu. Alidhani anasema na binti yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoyatii. Safari hii niliingia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko mama. Nikamwegemeza kifuani kwangu kama alivyonifundisha, bila kumvuta mkono.

"Nani?" akauliza.

"Mkubwa."

Akataka kujitoa, hakuweza. "Nimekaa mahali pa baba yako," akasema. "Niache nikae."

"Baba hakupapenda," nikamwambia. "Hukuwahi kuniuliza."

Nikatoa kahawa mfukoni, nikaimimina kwenye kiganja chake, nikasema kwa sauti ili hata binti yake pale nje asikie: "Mwenye nyumba, nataka akamwani."

Ilichukua muda mrefu, na sikuona aibu. Alichagua punje tatu, akanipa. Moja ikaanguka chini kwenye jivu, nikaiokota. Nilizitafuna zote, naye akawa ananitazama mdomo, kama sisi tulivyokuwa tukimtazama yeye.

Kisha nikaikata ile kamba kwa meno, nikanywa uji nusu, nikamwekea kikombe mdomoni. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Njoo ushike mguu," nikamwambia.